Nadhiri ya Mwaka wa Njaa

Uhuru tulikuwa tumeupata. Mvua ndiyo tuliyoikosa. Mwaka ule Msambweni tulikula mahindi ya manjano ya msaada, nami kwa kichwa changu kigumu nikaweka nadhiri: nitafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mchumba wangu arudi salama kutoka Bodo, alikokwenda kukata mikoko.

Bibi yangu alinicheka mpaka akashika mbavu. Alisema mji mzima umefunga bila kunuia, sasa mimi najitia uwalii wa nini? Mgao wa chakula ukiangukia siku yangu ya saumu, fungu langu alilila yeye, eti ni dhambi kukiacha chakula kikaharibika. Wallahi nilimkasirikia. Njaa haina adabu.

Lakini shida yangu hasa ilikuwa mjomba. Kwetu Wadigo baba huozesha, ila neno ni la mjomba, na wangu alikuwa ameshampata mwenye duka la mchele. Akasema huyo wa mikoko tumemngoja miezi mitano, yatosha. Mwezi wa Ramadhani ukiandama hajarudi, naolewa dukani. Nami nilimpenda yule mkata mikoko. Nasema wazi, maana nimezeeka na haya zimeniisha. Kila magharibi nikawa nautafuta mwezi angani kuliko kadhi, huku naomba nisiuone.

Akatokea Alhamisi, zimebaki siku tatu. Amekonda, miguu imechanjwa na chaza, anavuta mkokoteni wa boriti. Akamwamkia mjomba shikamoo, akaketi chini. Mjomba akamwuliza ameleta nini.

"Mali sina, mzee. Nimeleta nyumba."

Mjomba akazitazama zile boriti, akasema ni nzuri, lakini boriti hazipikwi.

"Mwanetu utamlisha nini?"

Maskini, akainamisha kichwa. Mwari hasemi mbele ya mjomba wake. Nililijua hilo. Nikatoka nyuma ya mlango hivyo hivyo, midomo imenikauka kwa saumu.

"Mjomba, mimi kufunga nimeshazoea."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Mjomba alijikaza, akakunja uso, akashindwa. Kisha akaniagiza nikamletee mume wangu maji ya kunywa.