Fundi wa Kompyuta za Kimya

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikasoma kwenye kundi la simu la mtaa wetu kwamba fundi kompyuta wa karibu na soko, hapa Tabora, amefariki, na atazikwa kesho yake kwao Ziba. Chini ya tangazo watu walishaanza kumiminika: poleni, poleni sana, Mungu amlaze pema. Mimi nikaandika "poleni", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mke wangu akaniuliza, "Kuna nini, mbona chai inapoa?" Nikamsogezea simu asome mwenyewe. Mtu huyu nilimnunia zaidi ya mwaka mzima, na si kumnunia tu, nilimsema vibaya hapa hapa kwenye safu hii, nanyi wasomaji wangu mkanishangilia. Sasa amekufa, na niliyoyasikia msibani kwake yamenivuruga kichwa hata sijui nianzie wapi. Wacha nianzie kwenye gemu.

Ndiyo, gemu. Mimi mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mwenye mvi na wajukuu wawili, napenda kuendesha malori kwenye kompyuta. Chekeni mtakavyo. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ikipata moto inanguruma sebule nzima, na sebuleni ndiko tulikomlaza mama yangu mzazi alipoanza kuugua, kwa kuwa ndicho chumba chenye hewa. Mama mwenyewe alipenda kunitazama nikiendesha. Ananiuliza, "Tumefika wapi, mwanangu?" Namwambia tumefika Nzega, ingawa barabara ile ni ya Ulaya na pembeni kuna theluji. Hakuhoji. Lakini ile ngurumo ilikuwa inamkatizia usingizi wake wa mchana, na akipimwa kliniki, hospitali ya Kitete, presha iko juu, mimi najiona muuaji. Nikaona nichague moja: niache gemu, au nitafute mashine isiyopiga kelele.

Nikaenda kwa fundi. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, marahaba! Wote wazima?" Nikamkabidhi karatasi niliyoandika ninachotaka: kompyuta ya gemu, iwe kimya kwa kuwa mama yangu mgonjwa analala sebuleni, na idumu, nisinunue nyingine tena mpaka niingie kaburini. Akaisoma, akanikazia macho usoni kama mtu anayenidai maelezo, kisha akaanza somo. Kadi ya picha, ile inayochora barabara na malori, nisichukue iliyo kali kuliko zote. "Wanakimbilia ile kali. Inachemka, feni zinakimbia, kelele, na haimalizi miaka. Chukua ya kati, uitumie nusu ya nguvu zake." Pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, nichukue chenye uwezo mara mbili ya ninaouhitaji. Kisipochoka hakichemki, na kisipochemka feni yake hata haizunguki. Feni za kasha ziwe pana, zizunguke taratibu. Diski iwe ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Mbele ya kasha akaweka wavu wa vumbi, maana vumbi la Tabora la kiangazi mnalijua, na ukutani kidhibiti umeme, maana umeme wetu nao mnaujua. Nilipogusa kasha moja lenye taa za rangi rangi akaniondoa mkono. "Taa za nini, mwandishi? Unafungua baa?"

Mashine ilipokamilika aliiwasha, akaweka kiganja juu ya kasha, akafumba macho kidogo, akasema, "Imetulia." Na kweli ilitulia. Nilipoiwasha nyumbani mama alilala mchana kutwa nami nikiwa barabarani na shehena ya mbao. Nilifurahi jamani, nilimsifia yule mzee kila kijiwe. Lakini wiki ya pili nikaanza kusikia kitu. Kila lori likipanda mlima, mlio mwembamba unatoka kwenye kasha, kama mbu aliyeng'ang'ania sikioni. Mama hakuwahi kuulalamikia, mimi ndiye niliyekereka. Nikaibeba kompyuta kwenye bajaji hadi kwa fundi, akaiwasha, akaweka kiganja. "Sisikii kitu." Nikarudi mara ya pili. Kiganja. "Sisikii kitu, mwandishi." Mara ya tatu mbu analia waziwazi, mteja mwingine aliyekaa kwenye benchi anaitikia kwa kichwa kukubaliana nami, na yule mzee ameweka viganja vyote viwili, ananitazama machoni bila aibu: "Mimi sisikii kitu." Nikajua ananifanya mjinga. Nikabeba kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga.

Baada ya muda mama akafariki. Sitaki kulieleza hilo sana. Siku chache baada ya matanga nilipita karibu na soko, nikajisikia vibaya kwamba nimegombana na mzee wa watu kwa sababu ya mbu, na yeye ndiye aliyempa mama yangu usingizi wa miezi yake ya mwisho. Nikaingia. Alikuwa ameinamia mashine ya mtu, mgongo kwangu. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, nimefiwa na mama." Akajibu bila kugeuka, "Marahaba, marahaba! Wote wazima?" Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Halafu nikatoka, nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikaandika safu ile mnayoikumbuka, ya fundi aliyeambiwa habari ya msiba akajibu marahaba. Sikumtaja jina wala duka, kama kawaida yangu, wala sikusema mfiwa ni mimi. Niliandika kwamba mafundi wa siku hizi wamegeuka vyuma wanavyovifunga. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilinipa maneno mazuri sana.

Jumatano nikaenda Ziba kuzika. Kwa nini nilikwenda, sijui hadi leo. Baada ya mazishi nikaenda kumpa pole mjane, mama mfupi mwenye sauti kubwa kupita kawaida. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye mwandishi?" Nikakubali. Akanisogezea kigoda, akaniambia bila mzunguko, "Mume wangu alikuwa hasikii. Ulijua?" Nikasema sikujua. Akasema tangu ujana alishinda kwenye mashine ya kusaga ya baba yake, hapo hapo Ziba, miaka na miaka, na masikio yakaenda kidogo kidogo. Sauti nyembamba zilitangulia kupotea, nene zikafuata. Dukani alikuwa anamtazama mtu mdomo. "Salamu hazikumsumbua," akasema, "salamu unajua mtu atasema nini. Na akihisi tu kuna mtu nyuma yake, anaitikia." Nikamuuliza alipimaje ukimya wa kompyuta, akanishangaa. Akaweka kiganja chake juu ya sufuria iliyokuwa mbele yetu. "Hivi. Alikuwa anasikia kwa mkono."

Kusikia kwa mkono. Sisi tunasikia joto, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na mimi ninayekula kwa kuandika Kiswahili sikulikumbuka hilo hata mara moja kati ya zile tatu. Mzee aliniambia ukweli. Alisikia kwa kiganja na hakusikia kitu, kwa sababu mlio ule haukuwa wa feni, haukutikisa kasha, na kiganja hakiwezi kuukamata. Sasa niseme alinidanganya? Alificha, ndiyo. Aliogopa, mjane alisema, kwamba wateja wangemkimbia: kiziwi gani anauza ukimya? Lakini kumbe kiziwi ndiye aliyetutulizia nyumba zetu. Nimejaribu kulipanga jambo hili kichwani likae sawa, na halikai. Nafikiri pia juu ya mji wetu huu, unaojisifu kwa salamu tangu enzi za misafara, mgeni alipokuwa hapiti bila kuulizwa za atokako na za aendako. Huyu mzee aliishi katikati yetu miaka yote hiyo kwa salamu tupu, na hakuna aliyegundua. Nami mwenye masikio mazima, ni mara ngapi nimejibu "nzuri" kabla sijaulizwa?

Nilitaka kuondoka, mjane akanishika mkono. "Safu yako aliisoma," akasema. "Aliisoma yote, akanisomea na mimi. Akakasirika kweli. Akasema, fundi huyo hana utu, mtu kafiwa unamjibu marahaba? Mimi nikajua ni yeye, maana nilishamwona akimwitikia hivyo mtu wa mkopo, mtu wa maji, hata padri. Nikanyamaza. Ningemwambia, angefunga duka siku ile ile." Akavuta upande wa khanga, akajifuta uso. "Halafu akaniuliza, yule mwandishi mbona haji siku hizi, mama yake anaendeleaje? Nilishajua mfiwa ni wewe, lakini nikamwandikia kwenye karatasi: hajambo. Akafurahi. Kila akiona jina lako gazetini ananiuliza, na mimi namwandikia vile vile."

Basi wasomaji wangu, naifuta safu ile. Fundi yule alikuwa huyu, na hakunikosea. Mimi ndiye niliyemkosea, na simwoni wa kumwomba radhi isipokuwa mjane, ambaye ameniambia nisijisumbue, jambo ambalo limenichanganya zaidi. Nililojifunza ni dogo, hata naona haya kulileta mbele yenu: ukiwa na habari nzito ya kumpa mtu, zunguka usimame mbele yake, ngoja ainue uso. Akijibu kitu kisichoeleweka, mwambie tena. Yale maneno yangu yalikuwa matatu tu, nimefiwa na mama. Ningeyasema mara ya pili, mzee yule angeweka vyuma vyake chini na kunipa pole.