Kondo la Asumini

Bi Somoe, mkunga wa Madimba, alikuwa mkali hata kwa wazee. Mwaka 1971 Asumini, mimba ikiwa ya miezi minane, alianza kutokwa damu bila uchungu. Wanawake walitaka kumpima kwa mkono. Bi Somoe akawafokea: "Msimguse! Kondo la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi, mtawaua wote wawili." Akasimamisha lori la korosho, akampakata Asumini mpaka hospitali ya Mtwara. Alipasuliwa, akapona yeye na mwanawe.

Bi Somoe akaliomba lile kondo, maana kwao hufukiwa nyuma ya nyumba. Alilifukia mwenyewe huku akiligombeza: "Mshenzi wee, kumzibia mwenzio njia!" Kisha akausawazisha udongo kwa kiganja, taratibu.

"Lakini wewe ndiye uliyemlisha. Haya, pumzika."