Mkia wa Buluu

Mwaija binti Majaliwa hakuuza samaki bila kumvunja. Ukimwendea pale sokoni Bagamoyo kununua ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa na kuanikwa juani, kabla hujauliza bei atamvunja mmoja mgongoni na kukusogezea puani: "Nusa!" Akiwa kaanza kuvunda, atakwambia mwenyewe na bei ataishusha. Watu wa bara, wa Miono na Lugoba, wasiojua samaki wa chumvi, wakawa wanamkimbilia yeye. Jina hilo ndilo lililowalisha wajukuu zake.

Mwaka wa arobaini na nane akaja bwana soko mpya, Mwinshehe, na kopo lake la buluu ya kufulia. Samaki asiyevunda, alisema, atatiwa alama mkiani. Lo! Hakuvunja hata mmoja. Umempelekea kuku, chovya. Umempelekea mayai, chovya. Ng'onda wa mchuuzi mwenzake Mwaija, Bwanausi, waliojaa funza wanene wanaotambaa, nao wakapata mikia ya buluu. Ptu! Kinyaa kitupu.

Mwaija hakupeleka kuku. Wabara nao wakaacha kunusa, swali likawa moja tu: "Ana buluu?" Hana, wanapita. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Basi wangekuja wamuuzie Mwaija! Wajukuu wakaanza kulalia uji mtupu.

Asubuhi moja akaja Mina, mkewe Mwinshehe, kajitanda buibui mpaka puani.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipatie wawili, wasio na rangi. Bwana hataki nimpikie wa buluu."

Mwaija akainuka. "Enyi watu wa Miono, njooni msikie! Mwenye kopo la buluu mwenyewe hali wa buluu! Hebu rudia, mwanangu, wakusikie!"

Mina akatoka mbio. Siku ile Mwaija aliuza samaki wote, na wajukuu wakala wali.

Kesho yake alipofika sokoni alimkuta Bwanausi na wenziwe wameinamia ndoo, wanasugua mikia kwa majivu. Samaki walewale, funza walewale. "Hana buluu huyu! Hana buluu!" wananadi bila haya.

Mzee mmoja wa Lugoba akasimama mbele ya Mwaija. Mwaija akavunja samaki, akamsogezea.

"Nusa, baba."

Mzee hakunusa. Aliushika mkia, akaugeuzageuza.

"Wa wenzio mikia imetakata," akasema. "Wako mbona mchafu?"

Akavuka kwa Bwanausi.