Kinga ya Kaka Yangu

Kaka yangu ni dereva wa lori. Alirudi Bariadi kutoka Kongo akiwa na homa kali, na mfukoni alikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aliyoipata bila kuchomwa sindano. Siku ya nne homa ilishuka, akaomba ugali, nami nikafua shuka nikidhani yameisha. Kesho yake macho yakawa ya njano, akatapika damu. Tukamkimbiza hospitali.

Mama alifika kutoka Zagayu na chupa ya mizizi iliyochemshwa. "Hii inaongeza kinga," alisema. Nilimwuliza daktari kama tunaweza kumpa.

"Hapana, dada," alinijibu. "Ini lake haliwezi kubeba dawa nyingine. Virusi vimeliumiza, na sasa kinga yake yenyewe, katika kuvifukuza, inaliumiza zaidi. Hajapungukiwa kinga. Imezidi."

Nilikuwa nimeshinda wiki nzima kwenye benchi la wodini, na sasa ilinibidi nimweleze mama kwa Kisukuma kwamba mwili wa mwanawe unajidhuru. "Mayu, tusimpe," ndiyo yote niliyoweza kusema. Aliona namnyima mwanawe tiba, akaifunga chupa na kunigeuzia mgongo.

Kaka alipona polepole sana. Siku aliyokunywa uji bila kutapika, mama alipiga magoti pale pale akamshukuru Mungu. Nami nilitaka kufurahi, lakini nilikuwa nimechoka mno. Niliegemeza kichwa ukutani, nikasinzia nikiwa bado nimeshika kikombe chake cha uji.