Kijana Niliyemtoa Kwenye Foleni ya Sabuni

Admin, jina langu lifiche, umri uache watu wauone, labda watapunguza matusi. Nina miaka sabini na moja, naishi Maisaka hapa Babati. Nina goti moja bovu, na mke ambaye haya hayajui. Shule niliishia la saba, mengine nimejiokotea njiani.

Miaka ya themanini mwanzoni, Babati ikiwa bado Mkoa wa Arusha na sukari ikionekana kwa nadra kama waziri, nilikuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu kwenye chuo kimoja cha ualimu. Kabla ya hapo nilikuwa mchezaji, mpaka siku niliporuka vizuri nikatua vibaya. Chuo kikanionea huruma. Kwa wasiojua, kocha msaidizi ni mtu wa kupaka chokaa kiwanja, kutia mpira viraka na kusema ndiyo. Mwaka huo kocha mkuu akaniambia, "Tukifungwa tena na vyuo vya jirani, wewe unarudi kwenu kulima. Nitafutie mtu mrefu."

Nilimpata kwenye foleni ya sabuni, nje ya duka la ushirika. Vichwa vyote vilikuwa sawa, kimoja kimezidi kama nguzo ya simu. Nitamwita Safari. Huku kwetu akina Safari ni wengi kuliko mbuzi, hamtamjua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mkulima wa Mutuka.

"We kijana, umesoma?"

"Shikamoo. La saba."

"Hukuchaguliwa kwenda sekondari?"

"Shule yetu hakuchaguliwa mtu, mwalimu."

"Unataka kuwa mwalimu kweli?"

Alikuwa wa nne kutoka dirishani, amesimama tangu alfajiri. Akatoka kwenye foleni bila kuuliza swali la pili. Wiki hiyo mama yake alifulia majani ya mpapai, na nasikia alifua huku akiimba.

Kwenye orodha ya chuo Safari hakuwepo hata siku moja. Siku za mechi alicheza kwa jina la mwanachuo aliyetoroka. Yeye tulimwambia jina lake mwenyewe liko wizarani, linashughulikiwa. Akaamini. Akakaa darasani mwaka mzima, kalamu moja, daftari moja lililoandikwa mpaka kwenye jalada. Jioni alicheza pekupeku maana kiatu cha saizi yake hakikuwepo Babati wala Arusha. Damu ilikuwa inabaki kiwanjani, mimi napaka chokaa juu yake. Tukachukua kikombe. Kocha mkuu akapigwa picha nacho, mimi nikashika mpira pembeni.

Mtihani wa mwisho ukafika, naye akaufanya. Kocha mkuu akaniita. "Sasa mtoe."

"Nimwambieje, mwalimu?"

"Mwambie amefeli. Mtu aliyefeli haulizi maswali, anaona aibu."

Karatasi zake nilipewa mimi nizichome. Shetani wa udadisi akaniingia. Ile ya hesabu nikampelekea mkufunzi mmoja, nikasema ni ya ndugu yangu wa chuo kingine. Akaisahihisha palepale amesimama. "Huyu ndugu yako kwangu angekuwa wa pili darasani," akasema. "Mtunzeni." Nikashukuru kwa niaba ya ndugu. Kisha nikazichoma zote, nikachemshia chai. Ilikuwa chungu, lakini msinifanye mtakatifu: ilikuwa chungu kwa sababu sukari haikuwepo.

Asubuhi nikamkuta Safari anakaza ringi ya kikapu kwa waya. Sikumwambia akae.

"Umefeli."

"Somo gani, kocha?"

"Yote."

"Hata hesabu?"

"Hata hesabu."

"Hesabu nilidhani..."

"Ulidhani."

Akamaliza kukaza ule waya kwanza. Halafu akaenda kufua jezi, akaianika, ikakauka, akanikabidhi imekunjwa. "Asante kwa kunipa nafasi," akasema. Akashika njia ya Mutuka, na mimi nikaongezewa mwaka mmoja kazini.

Tangu siku hiyo analima. Miaka arobaini ananiletea gunia la mahindi kila mavuno, na mimi nalipokea. Watoto wake kawasomesha kwa fimbo na kwa jembe, akiwaambia, "Mimi sikuonewa na mtu. Nilipelekwa chuo nikafeli mwenyewe." Binti yake mkubwa, nimwite Paskalina, sasa ni mwalimu mkuu.

Wiki iliyopita Paskalina kaja kwangu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akasema baba yake anaumwa figo, yuko kwake Nangara, na daktari hakuficha kitu. Anataka kwenda chuoni kutafuta matokeo ya baba yake, hata kama ni sifuri, ayawekee fremu. "Wadogo zangu wanasema baba alitutungia hadithi ili tusome. Nataka niwafunge mdomo akiwa hai. Wewe ulikuwepo, tutaenda wote Jumanne."

Jumanne atafunua daftari la chuo, na baba yake hatakuwemo. Nikinyamaza, mzee anakufa akijulikana kwa wanawe kuwa ni mwongo. Nikisema kweli, anakufa akijua alifaulu, na kwamba jembe alilishikishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anamlisha mahindi. Nimefikiria pia njia ya katikati: niseme alisoma kweli, na alifeli kweli. Uongo nusu. Naujua vizuri, nimeishi nao.

Lakini jana Safari mwenyewe kanipigia, sauti imekwisha kabisa. "Kocha, nasikia mnaenda chuoni. Mkiikuta ile karatasi ya hesabu, nitazamie nilikosea wapi. Maswali yote bado nayakumbuka."

Nikamwambia nitaangalia. Ndugu zangu, tukaneni, lakini mkimaliza mnishauri kabla ya Jumanne: nifanye nini?