Kisu Hakinolewi Mbele ya Mnyama

Marehemu baba alikuwa mchinjaji pale Mambrui, na babake kabla yake. Jambo la kwanza alilotufunza mimi na mdogo wangu halikuwa kuchinja, lilikuwa kuficha. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Kwa hivyo mimi, mkubwa, nilikaa nyuma ya ukuta wa machinjioni na jiwe la kunolea mapajani, na mdogo wangu akaniletea kisu mbio kila kilipopungua makali, amekifunika kwa upindo wa shati asikione ng'ombe aliyengoja zamu. Kisha alisimama akinivuta mkono: "Kaka, tayari?" Upande wa pili wa ukuta, ng'ombe mwingine alikuwa akikoroma katika damu yake. Mpaka leo, popote nilipo, nikisikia chuma kikisuguana na jiwe, moyo wangu hurudi pale.

Lakini mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikurudi. Nilipomaliza kidato cha nne nilishika njia: Lamu, Tanga, Garissa, Voi, mizigo ya watu mgongoni na nyumbani rohoni. Kisu kikabaki kwa mdogo wangu, na hapo ndipo pake. Alikuwa na mkono mwepesi. Alipitisha mara moja, ng'ombe akawa hana habari mpaka habari imekwisha.

Simu ilinikuta Taveta napakua vitunguu. "Mdogo wako ameanguka buchani. Mdomo umekwenda upande." Hata miaka thelathini na mitano hakuwa ametimiza. Majirani walisema ni upepo mbaya, kwani kiharusi ni maradhi ya wazee. Walimfukiza ubani hadi akapaliwa, ndipo mkewe akapiga kelele na gari la kumpeleka hospitali likatafutwa.

Kule Kilifi daktari, mwanamke mdogo kuliko mgonjwa wake, alituonyesha picha ya ubongo, mimi na ami yangu. Palipokufa palikuwa padogo, kama punje ya kunde.

"Ni padogo," akasema, "lakini palikuwa njia panda. Mkono utapata nguvu. Ulimi pia. Shida ni kwamba sehemu za ubongo zilizokuwa zikipashana habari hazipashani tena. Anaweza kuijua kila hatua ya kazi, asijue ipi inafuata ipi. Na hasira ikimjia, hana cha kuizuia."

"Kwa hivyo ni mwendawazimu?" ami akauliza.

"Hapana, mzee wangu. Msimwite hivyo. Lakini asiachwe na kitu cha hatari mkononi."

Ami aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alilolibeba ni lile moja: si mwendawazimu.

Mkono ulirudi kweli. Akawa anatembea, anasalimu watu, anacheka. Mtu aliyekutana naye njiani alimshukuru Mungu na kwenda zake. Sisi wa ndani tuliona mengine. Siku moja alitaka kupika chai. Alitia majani kikombeni, sukari akaimwaga kwenye makaa, kisha akaketi kuitazama sufuria tupu ikigeuka nyekundu. Shemeji yangu alipoinyakua sufuria na kitambaa, mumewe alimpokonya kwa mkono mtupu, ngozi ya kiganja ikachomeka, na akampiga nayo shingoni. Nilimtoa juu ya mkewe kwa kumkaba. Muda si muda alikuwa analia, akimpaka asali kwenye lile jeraha na kumwuliza, "Nani amekufanyia haya? Nitajie nimwue."

Alichokitaka ni kimoja: kisu chake. Machinjioni hapawezi kukaa bila mtu, na ukoo mwingine ulikuwa umeshaanza kupanyemelea. Lakini sheria inajulikana. Mchinjaji sharti awe na akili timamu, la sivyo nyama yake hailiwi. Basi wazee wakaamua kumpima.

Walimpima kwa kitu wanachokiheshimu. Baada ya sala ya alasiri walikuja barazani kwetu, ami akamwambia, "Mwanangu, hebu tusomee Yasini."

Aliisoma. Hakusita wala hakuruka aya, na sauti ilikuwa ileile ya utotoni iliyokuwa ikimliza mama. Mimi pia nililia. Ami akajipiga paja.

"Mtu asomaye Yasini mwanzo hadi mwisho, wazimu wake uko wapi? Mbona humu mna majitu mazima, hata Kulhuwallahu yanaipiga chenga!"

"Usinitazame mimi," mzee mmoja akasema, wakacheka wote.

Shemeji yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango. "Ami, mwambieni apike chai."

"Chai? Mwanamume hapimwi kwa chai, binti yangu."

"Mpimeni kwa shingo yangu basi." Akatoka, akafunua mtandio.

Vicheko vilikatika. Ami alitazama lile kovu, halafu akatazama chini. "Hiyo ni hasira ya kukaa bure," akasema. "Apate kazi, itakwisha."

Alichopewa ni fahali wa arusi, mwekundu, kutoka Ganze, mbavu nje na pembe pana. Alfajiri tulimfunga miguu, tukamlaza ubavu wa kushoto, akaelekezwa kibla. Mimi nilishika kamba ya nyuma. Kichwa kilishikwa na mchunaji ngozi, mtu wa maneno mengi.

"Haya bwana, umerudi kutuchinjia au kutuchinja?"

Mdogo wangu akacheka. Akapiga goti. "Bismillahi, Allahu Akbar." Kisu kikasimama hewani. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akainuka, akazunguka, akaja upande wangu na kuanza kuchuna mguu wa nyuma.

Alianza pale mchunaji anapoanzia, kwenye kifundo, kwa mstari mmoja ulionyooka. Ila ng'ombe alikuwa hai.

Fahali alinguruma kwa sauti ambayo sijaisikia kabla wala baada. Kamba ilinichana viganja ikanitoka. Pembe ikamkuta mchunaji mbavuni, akarushwa ukutani, akainuka na kukimbia. Mguu uliochanwa ngozi ukampiga mdogo wangu kinywani. Hapo hasira ikamjia. Hakumchinja yule mnyama. Alimchoma ubavuni, tumboni, jichoni, akamchoma tena palepale alipokwisha kumchoma, utumbo ukamwagika mikononi mwake, na ami, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, anapiga ukelele, "Koo, mwanangu! Koo! Koo!" mpaka neno likawa kilio tu.

Fahali akaanguka kwenye matope yake akitetemeka. Ami akasema polepole, "Mzoga."

Nilimrukia mdogo wangu kutoka nyuma. Alinipasua mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, akaniuma bega, na ule mkono uliowahi kupooza ndio ulionibwaga. Alinikalia kifua. Damu yake, yangu na ya mnyama ilikuwa moja. Kisha akanishika kidevu, akakisukuma nyuma taratibu, kama alivyofunzwa, na kisu kikatua chini ya koromeo langu. Pahali hasa. Kwangu alikumbuka.

"Bismillahi," akaanza.

Sijui maneno yalitoka wapi. "Mdogo wangu, kisu butu. Nipe nikakinoe."

Akanitazama.

"Hakinolewi mbele ya mnyama," nikasema. "Unajua wewe. Anatuona."

Aligeuza shingo. Fahali alikuwa bado anatingishika, jicho moja lililosalia limetukodolea. Basi mdogo wangu akaondoka kifuani pangu, akakifunika kisu kwa upindo wa shati lake lililolowa damu, akaniletea. Nilitambaa nacho hadi nyuma ya ukuta. Alinifuata akasimama karibu yangu, akanivuta ule mkono uliopasuka.

"Kaka, tayari?"

"Bado."

Fahali alizikwa, na arusini wakala pilau ya kuku. Machinjioni pakapewa wale waliokuwa wakipanyemelea. Ami haji tena barazani kwetu. Tukikutana namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama mkono wangu. Shemeji yangu amehamia kwa mamake na mtoto, na simlaumu.

Nimebaki mimi, nisiyewahi kukaa mahali hadi mvua ya pili. Usiku husikia malori yakipita barabara ya Garsen na miguu hunicheza kitandani. Lakini kila asubuhi mdogo wangu huja mlangoni, ameoga, amevaa shati la kazi, na kuuliza kama kisu kiko tayari. Kisu nilikitupa baharini zamani. Jiwe ninalo. Mimi hulisugua jiwe hilo kwa kipande cha bati ili asikie sauti, humjibu bado nakinoa, na mara nyingi hutosha, naye huenda kuketi.

Leo haikutosha. Nimeandika haya mdomo umenivimba na jino moja limo mfukoni. Amelala sasa. Kesho atauliza tena, na mimi nitakuwa nyuma ya ukuta.