Visanduku Viwili vya Mzee Gidion

Tangu aoe mke wa pili, Gidion alikuwa na sheria moja tu ya kuendesha mji wake: kila kitu viwili. Akinunua kitenge, alinunua doti mbili zinazofanana hadi maua. Akinunua sufuria, zilikuwa mbili, zenye mifuniko ya rangi moja. Mwaka ule alioleta kochi kutoka Tarime mjini, lori lilibeba makochi mawili, na moja lilipokwaruzika mguu wakati wa kushushwa, Gidion aliomba msumari akalikwaruza na lile lingine palepale, mbele ya dereva. Watu wa kijiji chake cha Kewanja walicheka wakachoka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Wake zake walikuwa Nora na Rose, nyumba zao zinatazamana na zizi liko katikati, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kusikia mmoja akimnunia mwenzake kwa ajili ya kitu alicholeta mume. Wangapi wanaweza kusema hivyo? Kwa hiyo msimlaumu mno kwa habari ya visanduku.

Chanzo kilikuwa nyonga. Daktari wa Mwanza alimwambia ile ya kushoto imekwisha kabisa, itolewe aingiziwe ya chuma, kisha akae karibu na hospitali mwezi mzima. Gidion hakuogopa kisu. Alichoogopa ni lango. Mji wake ulizungushiwa ua wa matofali wenye lango moja tu, la ng'ombe na la watu, na ndani mlikuwa na ng'ombe thelathini na wanne. Ukiwa na ng'ombe thelathini na wanne huku Tarime, kuna watu usiowajua wanaoijua idadi yao vizuri kuliko wewe. Kila jioni alilifunga lango kwa mkono wake, kila alfajiri akalifungua kwa mkono wake. Watoto wa kiume walikuwa makazini, Marwa, mtoto wa Nora, yuko Dodoma, mdogo wake Arusha. Sasa mwezi mzima nani afunge na kufungua? Akimkabidhi Nora, Rose atajiona mgeni. Akimkabidhi Rose, Nora ambaye ndiye mke mkubwa ataupeleka wapi uso wake? Aliwaza wiki mbili, mkanda wa suruali ukaanza kulegea.

Hapo ndipo Masalu alipoingia. Masalu alitoka Geita kuja kuchimba dhahabu kijiji jirani cha Nyangoto, shimo lake likajaa maji, akaishia kufunga umeme majumbani, na kwa kweli mikono anayo. Alimweleza mzee kwamba siku hizi lango linawekewa mota, uani kunawekwa taa, kamera na king'ora, na vyote hivyo vinaongozwa na kisanduku kimoja kidogo, ukubwa wa kisosi cha chai, ambacho mafundi wanakiita habu. Kikipangiwa kufungua saa kumi na mbili asubuhi, kinafungua. Mtu akilifungua lango bila amri yake, kinapiga king'ora hadi wafu wasikie.

"Kazi yako mzee ni kuchagua tu," Masalu alisema. "Kuna kisanduku kinachotegemea mtandao. Huo ukikatika, nacho kimelala. Na kuna hiki kinachojitegemea, hata bando liishe kinaendelea na kazi. Mimi ningechukua hiki."

"Sawa, hicho," Gidion alisema. "Leta viwili."

Masalu alidhani mzee anataka kimoja cha akiba. Akamsifu moyoni kwa kuona mbali.

Siku ya kufunga ndipo ukweli ulipotoka, kwamba kimoja kilikuwa cha nyumba ya Nora na kingine cha nyumba ya Rose. Masalu akatua begi la vifaa chini. Alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba mota ikishaunganishwa na kisanduku hiki, kile kingine hakiioni tena. Lango ni moja, na linataka bwana mmoja. Gidion alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi tugawe. Mota ya lango iende kwa Nora. Kamera na king'ora viende kwa Rose. Taa ziko sita, kila mtu tatu.

"Mzee, hivi visanduku havitasikilizana."

"Wake zangu wanasikilizana," Gidion akamjibu, "sembuse viplastiki."

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri, kisanduku cha Nora kilifungua lango kama kilivyopangiwa. Kisanduku cha Rose, ambacho hakuna aliyekiambia lolote, kiliona lango liko wazi na ng'ombe wanatoka, kikapiga king'ora. Na mlio kama ule, saa kama ile, kwenye mji wenye ng'ombe, hauulizwi maswali. Dakika chache tu uani palikuwa na wanaume arobaini wenye marungu, mapanga na pinde, mmoja amejifunga kanga ya mkewe kwa haraka. Walimkuta Gidion katikati ya ng'ombe, ameegemea fimbo, anawapungia mkono warudi. Siku hiyo walicheka, wakanywa chai ya maziwa, wakaondoka. Masalu akaitwa. Akakipangia kisanduku cha Rose kisipige king'ora wakati wa asubuhi wa kutoa ng'ombe.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika, ukarudi, saa ya kisanduku kimoja ikabaki nyuma. Ilipofika alfajiri king'ora kikalia tena, wanaume wakaja tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikodemo, mkuu wa ulinzi wa kijiji aliye rika moja na Gidion, alikaa juu ya jiwe, rungu magotini.

"Mura," alisema, kama Wakurya wanavyoitana, "yowe si kitu cha kuchezea. Mwenzetu Emanuel ameangukia mtaroni, mkono umevunjika, anakimbilia ng'ombe ambao wamesimama wanacheua. Mimi nimezungumza na wenzangu. Hiyo filimbi yako ikilia bure mara ya tatu, hatutoki. Siku ya kweli pia hatutoki. Usije ukasema hukuambiwa."

Gidion aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Walipoondoka alibaki amesimama palepale, hasira imempanda na hajui amkasirikie nani. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi alitakiwa kuwa njiani kwenda Mwanza. Angeuacha mji na king'ora ambacho hakuna atakayekiitikia, na wezi wa ng'ombe nao wana masikio, habari kama hiyo ingewafikia kabla yeye hajafika hospitali.

Akaanza na fundi, maana fundi ndiye aliyekuwa karibu. Alimwambia kwamba vitu vyake ni takataka, kwamba hata paka wawili wanakula sahani moja. Masalu aliendelea kukunja nyaya zake, alishazoea. Kisha mzee akapata wazo. Kisanduku kiwe kimoja, kiwekwe ghalani, nyumba isiyo ya mtu, na simu ya kukiongoza iwe yake yeye Gidion. Atafunga na kufungua akiwa Mwanza.

"Inawezekana," Masalu alisema. "Na siku ya kupasuliwa, ukiwa umelazwa usingizi wa dawa, ng'ombe watafunguliwa na nani?"

Gidion aligeuka akalitazama ghala.

"Na ghalani hamna soketi, mzee. Na bati lake linazuia mawimbi. Chagua nyumba moja. Nakuomba. Mimi nimechimba mashimo ya futi mia, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka hapa kwako."

"Basi ng'oa vyote," mzee alifoka. Masalu akatoa bisibisi, akaanza kufungua skrubu ya kwanza. "Acha," mzee akasema. Masalu akairudisha. Wakakaa hivyo, mmoja ameshika bisibisi na mwingine ameshika nyonga, mpaka ng'ombe wakarudi.

Jumatano jioni hapakuwa na pa kukimbilia tena. Wake zake walikuwa wamekaa pamoja kwenye baraza ya Nora wanamenya mihogo, beseni katikati yao. Gidion alikuja na hotuba aliyoitunga tangu asubuhi, yenye utangulizi kuhusu haki na upendo wa baba kwa nyumba zake zote. Alifika kwenye neno haki, Nora akamkatiza bila kuacha kumenya.

"Baba Marwa, kisanduku kiwekwe kwa Rose."

Gidion alidhani hakusikia vizuri.

"Dirisha lake ndilo linaloliona lango. Mimi jua likishuka sitofautishi mtu na mti, unajua. Ila simu ya kukiongoza nikae nayo mimi, kwa sababu yeye siku za mnada hashindi nyumbani. Tulishapanga."

"Mlipanga lini?"

"Siku uliyoleta viwili," Rose alisema. "Tukawa tunasubiri utuulize."

Mzee akatafuta pa kukaa, akakuta ndoo, akaigeuza akaikalia, nyonga ikimchoma. Siku zote hizo. Wanaume arobaini mara mbili, mkono wa Emanuel, Nikodemo na rungu lake, na hawa wawili wanamenya mihogo wana jibu mfukoni. Alikasirika kweli, akawauliza kwa nini hawakusema.

"Ningesema kiende kwa Rose, ungenitafutia mimi fidia," Nora alisema. "Ungeleta mtambo mwingine wa ajabu. Wewe humsikii mtu, unapima tu mizani. Majiko ya gesi uliyotuletea, yote mawili yako kwa Rose, mimi napikia kuni. Cherehani zote mbili ziko kwangu. Huu ni mwaka wa tisa. Umeona?"

Hakuwa ameona. Alikuwa akiingia nyumba zile kila siku, anakula, analala, anasifu chakula, na hakuwa ameona. Lile ndilo lililomtoboa. Miaka ishirini na miwili alijisifia amani ya mji wake, kumbe ilikuwa ikitengenezwa na watu wengine, akishatoka.

Masalu aliitwa jioni ileile, akaja mbio kabla mzee hajabadili mawazo. Alifunga kisanduku kimoja kwenye ukuta wa Rose, akaunganisha mota, kamera, taa na king'ora, vyote kwa bwana mmoja. Akalifungua lango na kulifunga mara kumi. Kimya. Kisha akaiweka programu kwenye simu ya Nora, akageuka.

"Namba ya mzee nayo niiache ndani?"

Rose alimtazama Nora. Nora alitingisha kichwa.

"Mtoe," alisema. "Huko kitandani atakuwa anafungua na kufunga, atatuamrisha kwa kidole. Tutashindwa kazi."

Gidion alitaka kusema kwamba mji ni wake, ua ni wake na ng'ombe ni wake. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Akawafikiria wanaume wa kijiji wasiotoka. "Nitoe," alimwambia Masalu, na ilimuuma, wala hakuficha.

Alhamisi asubuhi gari la kukodi lilikuwa nje linapiga honi. Gidion alijikongoja na begi lake mpaka langoni, akanyoosha mkono alisukume, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Usiguse," Rose alimwita kutoka dirishani. "Kitalia."

Mkono ukabaki hewani. Dereva alikuwa anachungulia kwenye upenyo, anasubiri kuona mwenye mji atatokaje. Gidion hakukumbuka mara ya mwisho aliyomwomba mtu yeyote kitu ndani ya ua ule.

"Mama Marwa," alisema bila kugeuka, "nifungulie."

Nora alibonyeza, lango likajivuta pembeni polepole. Gidion akatoka, akasimama upande wa pili, akageuka na kuwatazama wote wawili.

"Na nikirudi?"

"Utapiga hodi," Nora alisema. "Tutakufungulia."